Krismasi Tuliyowapeleka Wageni Kwenye Mawe

Mwezi uliopita nilialikwa kwa rafiki yangu, mtoto wake alikuwa anatimiza mwaka. Mtu akafungua sanduku la plastiki la kuwekea barafu ili atoe soda, na harufu ikanifikia nikiwa bado ng'ambo ya chumba: mafuta ya mbuzi yaliyoganda, maji ya barafu yaliyolala, ndimu iliyoanza kuoza. Niliweka sahani chini nikaenda kusimama karibu na geti mpaka tumbo likatulia. Rafiki yangu alinifuata akaniuliza kwa sauti ya chini kama nina mimba. Nikamwambia ni jua tu. Ningeanzia wapi kumweleza? Wenzangu wa rika langu wana harufu zinazowarudisha kwa nyanya zao, kwa mkate wa mofa, kwa mvua ya kwanza. Mimi nina hii.

Tulikaa Chechelesi, mtaa wa Isiolo, nyumba ya vyumba viwili na jiko la nje, choo nyuma ya mwarobaini. Baba alikuwa fundi wa pampu za maji, kazi iliyompeleka kila mahali ambapo serikali ilikuwa imechimba kisima halafu ikakisahau. Mama alifundisha nasari. Sisi ni Wameru, lakini mimi nilizaliwa Isiolo na sikujua Meru vizuri zaidi ya mtu anavyojua mahali pa kwenda kuzika. Ndugu wa baba ndio waliokuwa wanatujua sisi kama "wale walioko kwa jua". Hawakuwa wanakuja.

Mwaka huo kaka mkubwa wa baba, tuliyemwita Baba Mkubwa Murithi, alipiga simu kutoka Nairobi akasema yeye na mkewe watakula Krismasi kwetu. Ni yeye aliyemsomesha baba baada ya babu kufa. Kwa hiyo habari haikuwa ya kujadiliwa. Mama alipaka kuta za sebuleni rangi ya krimu, akaosha mapazia, akaniambia kitanda changu ni cha wageni na mimi nitalala kwa godoro, miguuni pa kitanda chake na baba. Nilifurahi. Nilikuwa sijawahi kuwa na wageni wa kuja na gari.

Gari lilikuwa kubwa, jeupe, na Baba Mkubwa alishuka kutoka ndani yake akikohoa. Hilo ndilo jambo la kwanza nililomjua nalo. Kila asubuhi alisimama kwenye beseni tulilotumia kuoshea uso, akavuta kitu kutoka ndani kabisa ya kifua, kwa sauti ndefu kama mtu anayeburuta meza sakafuni, halafu akakitema humo humo na kuondoka. Mama alikwenda akamwaga, akasugua beseni kwa jivu, akarudi jikoni. Baba Mkubwa alichokonoa meno kwa njiti ya kiberiti akairudisha kwenye boksi. Tulipokula, alinyonya mfupa mpaka ukawa mweupe, kisha akaurudisha kwenye sinia ile ile tuliyokuwa tunachukua nyama sote. Nilikuwa nautazama mfupa huo uking'aa mate, nikiomba Mungu mkono wangu usiuguse.

Mkewe, Anti Fridah, alikuwa msafi kupita kiasi, na kwa namna fulani hilo lilinichefua vilevile. Alifuta vikombe vyetu kwa karatasi ya shashi kabla ya kunywa, mbele ya mama. Alipuliza pafyumu chooni mpaka kukanuka waridi na mavi kwa pamoja, harufu mbaya kuliko mavi peke yake. Mto wangu ulibaki na doa la mafuta ya nywele zake, manjano, umbo la kichwa.

Nilimtazama baba kuona kama anahisi ninachohisi. Hakuonyesha kitu. Alikula kutoka sinia ile ile, akacheka pale kaka yake alipotaka acheke, akaitikia "ndiyo Kaka" hata alipoambiwa kwamba mtu aliyesoma kama yeye hangefaa kuwa anaishi baina ya ngamia. Mimi nikaamua kwamba wanaume wazima hawana kinyaa. Niliamini kwamba pua zao hufa wakifika umri fulani, jinsi meno ya utotoni yanavyong'oka. Niliamini hivyo kwa dhati kabisa.

Siku ya pili baada ya Krismasi, Baba Mkubwa alisema amechoka kukaa. "Hii Isiolo yenu haina kitu ya kuona?"

Baba akasema, kama mwenye aibu, kwamba kuna mahali njia ya Garbatulla. Alipagundua siku moja alipokwenda kutengeneza pampu. Ni mawe ya watu wa kale, alisema. Kuna kuta za maboma zilizoanguka, makaburi ya mawe yaliyorundikwa mviringo, na kisima kilichochongwa ndani ya mwamba na watu ambao hata Waborana walipofika waliwakuta wameshaondoka. Nilikuwa sijawahi kumsikia akizungumza vile. Alitumia mikono. Mama alimtazama kwa tabasamu dogo, na nikajua kwamba yeye alikuwa amekwisha kuambiwa habari hizi mara nyingi.

"Sasa hiyo ndiyo kitu," Baba Mkubwa alisema. "Twende tuone hao watu wako."

Mama alijaza sanduku la barafu walilokuja nalo wageni: nyama ya mbuzi iliyochomwa jana yake, chapati ndani ya karatasi, ndimu, soda. Yeye alibaki nyumbani. Tuliondoka asubuhi, lami ikaisha, gari likaanza kurukaruka kwenye mawe na Anti Fridah akafunga madirisha yote kwa sababu ya vumbi. Tukabaki ndani na pafyumu na miguu ya Baba Mkubwa, maana alikuwa amevua viatu.

Pale kwenye pampu aliishi mjane Mborana aliyeitwa Mama Talaso, pamoja na binti yake na mbuzi wao. Ndiye aliyekuwa anafungua na kufunga maji, na ndiye aliyempigia baba simu kila pampu ilipozimika. Alitoka kutupokea akiwa ameshika shela yake kwa sababu ya upepo.

"Salaam aleikum, fundi. Leo umekuja na watu."

"Aleikum salaam. Ni kaka yangu huyu, ndiye alinisomesha. Nimewaleta waone mawe."

"Kaka wa fundi ni kaka yetu," alisema, akaingia ndani, akarudi na maziwa ya ngamia kwenye chombo cha kusukwa chenye harufu ya moshi. Alimimina kwenye vikombe, cha kwanza akampa Baba Mkubwa kwa mikono miwili.

Anti Fridah alinusa chake akakirudisha juu ya kigoda. Baba Mkubwa alinywa funda moja, akageuza uso, akalitema chini, karibu sana na miguu ya yule mama. "Hii imeoza," alisema kwa Kimeru, akicheka, akidhani Kimeru hakisikiki. Maziwa yalikaa juu ya vumbi kidogo, kisha vumbi likayanywa. Baba alichukua kikombe cha kaka yake akakimaliza, halafu akanitazama. Nilikunywa changu. Yalikuwa makali, yenye ladha ya mkaa, lakini nilikunywa yote kwa sababu ya macho ya baba. Mama Talaso alikusanya vikombe bila haraka. "Nendeni muone," alisema. "Lakini msipande juu ya yale ya mviringo. Kuna watu wamelala."

Mawe yalikuwa ng'ambo ya kilima kidogo, mwendo mfupi kwa miguu. Nilikuwa nimetarajia kitu kama kanisa, chenye paa. Niliona marundo meusi mapana, na kuta zilizofika magotini mwa baba, na nyasi kavu katikati. Lakini baba alipoanza kutuonyesha, mahali pale palianza kuwa na milango. Hapa ng'ombe waliingilia. Hapa moto uliwashwa, mawe bado mekundu. Alinishika mkono akakiweka kidole changu kwenye mdomo wa kisima, ndani ya mifereji laini iliyochimbwa na kamba zilizovuta maji, siku baada ya siku, mpaka mwamba ukalika. "Kendi, sikia," aliniambia. "Hii ni kamba tu. Kamba na mikono ya watu." Kidole changu kilitoshea kabisa. Nilihisi kama nimemgusa mtu mgongo.

Kisima kilikuwa kikavu miaka mingi, lakini mvua ikinyesha sana maji kidogo hukaa chini, na Mama Talaso huyatumia kwa mbuzi. Baba alikuwa anaeleza hilo pale tuliposikia maji. Baba Mkubwa alikuwa amesimama upande wa pili wa mdomo wa kisima, miguu imetanuka, anakojoa ndani. Alikojoa muda mrefu. Mwangwi ulirudi juu, na baada yake harufu, kali, ya joto.

"Kaka," baba alisema.

"Nini? Hakuna maji, si umesema?"

Baba aliniachilia mkono. Simu yake ililia wakati huo huo, au labda alijifanya imelia, akarudi kule kwenye pampu akisema anakwenda kuangalia mashine. Nilitaka kumfuata, lakini Anti Fridah aliniita nimshikie mkoba wakati anapigwa picha. Alipanda juu ya kaburi moja la mviringo na viatu vyake vyekundu, akaweka mkono kiunoni. Mawe yalikwaruzana chini yake kama meno.

Baada ya picha Baba Mkubwa alianza kuondoa mawe pembeni mwa rundo hilo. Alisema watu wa zamani walizikwa na shanga na dhahabu. Alipumua kwa nguvu, jasho likimtiririka mpaka kwenye midomo, naye akilamba. Aliingiza mkono mpaka begani, akapapasa, akatoa kitu, akakipuliza vumbi. "Fridah, angalia hii. Nitaiweka ofisini juu ya meza." Anti Fridah akafunika pua akasema isikaribie mkoba wake. Basi akakifunga kwa gazeti, akachukua sanduku la barafu tulilokuja nalo, akakisukuma humo kati ya chapati na nyama. Mimi niliona mfupa tu. Nilidhani ni mfupa wa mbuzi aliyefia pale kati ya mawe, na kwamba anampelekea mbwa fulani. Sikushangaa. Nilikuwa nimekwisha kuzoea mifupa yake.

Jioni hiyo tulikula nyumbani ile nyama iliyobaki. Mama aliipasha moto kidogo tu kwa sababu makaa yalikuwa yanaisha. Baba Mkubwa alisifu ndimu.

Asubuhi, kabla ya kanisa, mama alichukua lile sanduku aende kuliosha kwenye bomba. Nilikuwa nimesimama karibu naye. Barafu ilikuwa imeyeyuka ikawa supu ya rangi ya chai, na juu yake mafuta meupe yanaelea, na gazeti lililolowa limefunguka lenyewe. Mama aliingiza mkono akalitoa. Aliutazama ule mfupa kwa muda, akiugeuza, jinsi mtu anavyogeuza kitu sokoni. Kisha akakaa chini kwenye simenti yenye maji, na nguo yake ya kanisa.

Lilikuwa taya. Meno yalikuwa madogo, na mbele kulikuwa na pengo, na ndani ya pengo ncha ya jino jipya ilikuwa inachungulia. Nilipeleka ulimi wangu mahali hapo hapo mdomoni mwangu. Mimi pia nilikuwa na pengo, na ncha.

"Mama, ni ya nani?"

"Nyamaza, Kendi."

"Ilikuwa na nyama yetu. Tumemla?"

Hakunijibu, alikuwa anatapika kwenye bomba. Nami nikachukua hilo kuwa ndiyo. Kwa miaka kadhaa baadaye niliamini, bila kumwambia mtu, kwamba nimekula mtoto mwenzangu pamoja na chapati. Sikugusa nyama mpaka sekondari. Mama alidhani ni vidonda vya tumbo.

Baba Mkubwa alikuwa anakunywa chai sebuleni. Baba aliingia ameshika lile taya kwa mikono miwili wazi, kama mtu anayebeba maji.

"Kaka, hii ni mtoto."

"Mtoto wa nani? Watu wamekufa tangu zamani za Nuhu. Hata hao Waborana wako hawawajui."

"Ni mtoto. Umemweka kwa chakula."

"Lete hapa, kijana. Usinifanye kama mwizi kwa nyumba yako."

Baba hakusogea. Nilidhani atalia, jambo ambalo lingenitisha kuliko yote.

"Nimekula makohozi yako siku hizi zote," alisema polepole. "Bibi yangu amesugua beseni, nikanyamaza. Umetemea yule mama maziwa kwa miguu, nikanyamaza. Umekojolea kisima. Nimenyamaza kwa sababu ulinisomesha. Sasa naona kinyaa, Kaka. Naona kinyaa na wewe na naona kinyaa na mimi."

Hakuna aliyepaza sauti. Anti Fridah alikuwa mlangoni na kikombe chake na shashi yake. Baba Mkubwa aliinua kikombe akanywa, akakiweka, akasema, "Nilikusomesha ndiyo uniambie hivi," na baba akasema, "Ndiyo."

Ndipo nilipojua kwamba pua ya baba ilikuwa hai siku zote.

Mama alileta kitambaa chake cheupe cha kichwa, kile cha Jumapili, wakamfunga ndani yake. Baba aliazima pikapu ya jirani. Nililia mpaka akanichukua, kwa sababu niliamini mwenye taya angekuja kutafuta meno yake, akikosa achukue yangu. Ile safari nzima nilikaa na kile kitambaa mapajani. Kilikuwa chepesi sana.

Mama Talaso hakutoka kutupokea. Tulimkuta ameinama kwenye mdomo wa kile kisima cha mwamba, binti yake akimwaga jivu na majani ndani. Alipotuona alivuta shela akafunika pua na mdomo, akabaki macho tu. Baba alisalimia. Hakuitikia.

"Nilikwambia kuna watu wamelala," alisema.

"Nimerudisha. Nimekuja kumrudisha."

"Nilimpa maziwa kwa mikono yangu. Akatema, akaenda kukojolea mbuzi yangu maji. Mke wake akasimama juu ya watu na viatu, binti yangu aliona. Na wewe fundi ulikuwa kule kwa pampu, unajua, unajifanya unasikiliza mashine."

Baba alisimama na mikono yake imening'inia. Mimi nilimtazama yule mama usoni na nikaelewa kitu ambacho hakuna aliyenieleza: kwamba alikuwa anatutazama vile mimi nilivyolitazama lile beseni kila asubuhi. Sisi. Mimi na baba, na viatu vyetu safi. Tangu wageni wafike nilikuwa nimejiona mimi ndiye mwenye haki ya kuchefukwa, na sikuwa nimefikiria kwamba kuna mtu angeweza kusimama mahali akatunusa sisi.

Baba alipiga magoti kwenye rundo lile, akaingiza mkono kama kaka yake alivyoingiza, lakini polepole, akiweka si akitoa. Kisha akarudisha mawe, moja moja. Mama Talaso alisimama mbali akimwelekeza kwa kidole: si hapo, lile kubwa chini, geuza. Nilimpa baba mawe madogo. Tulipomaliza, binti yake alituletea maji ya kunawa. Aliyamwaga kutoka juu, birika likiwa mbali na mikono yetu lisiiguse. Hawakutukaribisha ndani.

Njiani baba alisimamisha pikapu akaenda nyuma ya mgunga. Nilimsikia akitapika, mara nyingi, hata baada ya tumbo kuwa tupu. Aliporudi alisema barabara ni mbaya. Nikamwambia pole.

Tuliporudi nyumbani wageni walikuwa wamekwisha kuondoka. Mama alikuwa amechemsha shuka, amechoma mto wangu nyuma ya choo, na amesugua sakafu yote kwa Omo mpaka nyumba ikanuka kama hospitali. Baba Mkubwa hatukumwona tena mpaka mazishi ya nyanya, Meru. Hapo alikuja kunyoosha mkono kwa baba mbele ya watu, na baba akaushika. Mimi niliweka mikono yangu mgongoni na hakuna aliyenilazimisha.

Lakini kazi ilikuwa kazi, na pampu ile iliendelea kuharibika. Mama Talaso aliendelea kupiga simu, na baba aliendelea kwenda. Alifika, akatengeneza, akanawa kwa mafuta ya taa na mchanga, akarudi. Zamani alikuwa hatoki pale bila kukaa na kunywa kitu, sasa alirudi na kiu. Mama alikuwa akimuuliza, akimwekea chakula mezani, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayeuliza habari ya barabara:

"Amekupa chai?"

"Bado."

Mvua za masika zilikuja zikaisha. Nilibadilisha darasa. "Amekupa chai?" "Bado." Sikuwa naelewa kwa nini mama anauliza jambo dogo hivyo, wala kwa nini baba anaosha mikono muda mrefu kabla ya kujibu.

Kisha alasiri moja aliingia, akaweka mfuko wa spana mlangoni, akakaa bila kuvua viatu. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama, hakuuliza.

"Leo amenipa," baba alisema. "Haikuwa na sukari."

Waborana hunywa chai tamu kama asali. Hata mimi nilijua hilo.

"Umemaliza kikombe?" mama aliuliza.

"Nimemaliza."